Saa Nane ya Nani? Hesabu ya Mizunguko na Usalama wa Dozi

Kadi ya dawa yaweza kuandikwa kwa hati safi, dozi ikawa sahihi, na mgonjwa bado akadhurika. Chukulia mfano huu wa kubuni. Mama mmoja mkazi wa Marangu anaugua kisukari. Mguu unamsumbua, kwa hiyo binti yake anayefanya kazi mjini Moshi ndiye anayemchukulia dawa. Kwenye kadi daktari ameandika kwamba insulini ya mchanganyiko ichomwe mara mbili kwa siku, nusu saa kabla ya chakula, 8:00 na 20:00. Binti anaisoma kadi akiwa ndani ya daladala. Nane ni saa nane. Ishirini, ukitoa kumi na mbili, ni nane tena. Anapofika nyumbani anasema, “Mama, ni saa nane mchana na saa nane usiku.” Mama anatega kengele ya simu. Usiku wa manane anaamka, anajichoma sindano, kisha anarudi kulala.

Daktari alikusudia saa mbili asubuhi na saa mbili usiku, kabla ya chai na kabla ya chakula cha jioni. Katika mfano huu hakuna aliyezembea. Daktari aliandika kama alivyofundishwa kuandika, binti alisoma kama Mswahili anavyosoma saa, na mama alitii maelekezo. Hata hivyo, insulini iliyochomwa bila chakula hushusha sukari ya damu, na mtu aliyelala huenda asizihisi dalili za mwanzo, yaani jasho, kutetemeka na njaa. Anaweza kupoteza fahamu kabla ya mapambazuko.

Kosa la namna hii lina hesabu yake. Lipo tawi la hisabati linalochunguza michoro ya nukta na mistari, ambamo kila mstari hupewa alama kutoka katika kundi kikomo la Abeli. Jina hilo linatisha kuliko jambo lenyewe, na anayelielewa hupata njia rahisi ya kujua kama maelekezo ya dawa yamefika salama au yamepotea njiani.

Nukta na mishale

Wanahisabati huita grafu mchoro wowote wenye nukta na mistari inayoziunganisha. Chanzo chake hutajwa kuwa makala ya Leonhard Euler ya mwaka 1736, kuhusu madaraja saba ya mji wa Königsberg: je, mtu aweza kuyavuka yote, kila moja mara moja tu? Euler aliyageuza maeneo ya nchi kavu kuwa nukta na madaraja kuwa mistari, akaonyesha kwamba haiwezekani.

Mistari inaweza pia kubeba namba. Mpanda mlima Kilimanjaro huielewa hesabu hii kwa miguu yake. Lango la Machame liko takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, kilele cha Uhuru mita 5,895, na lango la Mweka takriban mita 1,640. Anayepanda kwa Machame hadi kileleni huongeza mita 4,095. Akishuka hadi Mweka hupunguza mita 4,255. Akichukua gari kutoka Mweka kurudi Machame huongeza mita 160. Ukijumlisha mishale hiyo mitatu unapata sifuri, na haiwezi kuwa vinginevyo, kwa sababu amerudi pale alipoanzia. Iwapo daftari la mpanda mlima linaonyesha jumla nyingine, mlima haujabadilika; kuna kipimo kilichoandikwa vibaya.

Mwaka 1845 Gustav Kirchhoff, mzaliwa wa Königsberg ileile, akiwa bado mwanafunzi, alieleza kanuni ya namna hiyo kwa umeme: tofauti za volti ukizijumlisha kuzunguka mkondo wote hadi ulipoanzia, jumla ni sifuri. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya kukumbuka ni hii: njia ikijifunga kuwa mzunguko, jumla ya mabadiliko ya njiani lazima iwe sifuri. Isipokuwa sifuri, kuna kosa.

Saa ya ukutani ni kundi

Mita hazina mwisho. Mtu aweza kuhesabu mpaka achoke. Saa ni tofauti. Ukiwa saa 10 ukaongeza saa 5, hufiki saa 15 bali saa 3. Namba za saa ni 12 tu, na ukijumlisha zozote mbili unabaki ndani ya zile zile 12. Namba 12 yenyewe hufanya kazi ya sifuri, kwa kuwa kuongeza saa 12 hurudisha mshale mahali pake. Kila namba ina mwenzake wa kuifuta: 5 hufutwa na 7, 4 hufutwa na 8, na 6 hujifuta yenyewe. Seti yenye sifa hizi huitwa kundi. Kwa kuwa idadi ya memba wake ina mwisho, ni kundi kikomo.

Sifa nyingine ni kwamba mpangilio haubadilishi jibu: kuongeza 3 kisha 4 ni sawa na kuongeza 4 kisha 3. Si kila jambo liko hivyo. Kunawa mikono kisha kuvaa glavu si sawa na kuvaa glavu kisha kunawa mikono. Makundi ambayo mpangilio wake haubadilishi jibu huitwa makundi ya Abeli. Faida yake kwenye mzunguko ni kubwa: ukianza kuhesabu kwa daktari, kwa mfamasia au kwa mgonjwa, jumla itakuwa ileile.

Jina hilo ni kumbukumbu ya Niels Henrik Abel, mwanahisabati wa Norway aliyezaliwa mwaka 1802. Mwaka 1824 alithibitisha kwamba hakuna kanuni ya jumla, kwa njia ya kawaida ya kutafuta vipeuo, ya kutatua milinganyo ya daraja la tano. Alifariki tarehe 6 Aprili 1829 akiwa na umri wa miaka 26, na kilichomuua ni kifua kikuu. Siku mbili baadaye rafiki yake aliandika barua kutoka Berlin kumjulisha kwamba amepatiwa kazi huko. Wakati huo hakuna aliyejua kisababishi cha ugonjwa huo. Robert Koch alimtangaza bakteria wake tarehe 24 Machi 1882. Leo kifua kikuu kisicho sugu huponywa kwa matibabu ya kawaida ya miezi sita, na upande wa magharibi wa Kilimanjaro, wilayani Siha, Hospitali ya Kibong’oto, iliyoanza mwaka 1926, ingali inawahudumia wagonjwa wa kifua kikuu. Dawa ipo. Linalobaki ni dozi sahihi imfikie mgonjwa kwa wakati sahihi.

Tofauti ya sita

Mswahili huhesabu saa kuanzia jua linapochomoza, na hospitali huhesabu kuanzia usiku wa kati. Kati ya hesabu hizi mbili kuna tofauti isiyobadilika ya saa 6. Saa 1 asubuhi ni 7:00, saa 8 mchana ni 14:00, saa 2 usiku ni 20:00. Kwenye kundi la namba 12, kuongeza 6 na kupunguza 6 ni jambo moja. Ndiyo maana anayegeuza saa moja kwenda nyingine hana haja ya kujiuliza aongeze au apunguze.

Kwa mtazamo huu, kila mtu aliyepokea maelekezo ni nukta, na kila mara maelekezo yanapopita kutoka mtu hadi mtu kuna mshale. Mshale hupewa alama inayoonyesha saa ilivyobadilika njiani. Saa ikifika ilivyokusudiwa, alama ni 0. Ikisomwa kwa hesabu isiyo yake, alama ni 6. Katika mfano wa Marangu, mshale kutoka kwa daktari hadi kwa binti una alama 6, na mshale kutoka kwa binti hadi kwa mama una alama 0, kwa kuwa mama alielewa vizuri kabisa kile alichoambiwa.

Hapa pana jambo linalostahili kutazamwa kwa makini. Sindano zote mbili zilisogea kwa saa 6. Kutoka 14:00 hadi 2:00 ni saa 12, kama ilivyo kutoka 8:00 hadi 20:00. Mshale kati ya sindano na sindano haukuguswa. Kilichoharibika ni mshale kati ya sindano na chakula, kwa sababu chakula hakikusogea. Chai ilinywewa asubuhi kama kawaida, na usiku wa manane hapakuwa na chakula mezani.

Wanahisabati huieleza hali hii kwa kanuni fupi: ukisogeza nukta zote kwa kiasi kilekile, mishale yote hubaki ilivyokuwa, ukisogeza baadhi tu, mishale inayounganisha zilizosogea na zisizosogea hubadilika. Kanuni hiyo hutenganisha makosa mazito na mepesi. Mgonjwa wa VVU anayetumia dolutegraviri pamoja na dawa za kifua kikuu zenye rifampisini hupewa dolutegraviri mara mbili kwa siku, kwa nafasi ya saa 12, kwa sababu rifampisini huharakisha kuondolewa kwa dawa hiyo mwilini. Akisogeza vidonge vyote viwili kwa saa 6, atasumbuka kuamka usiku, lakini nafasi ya saa 12 imetunzwa. Akisogeza kimoja tu, anabaki na nafasi ya saa 6 upande mmoja na 18 upande mwingine. Na dawa inayofungamana na chakula haiwezi kusogezwa peke yake hata kidogo.

Kwa hiyo hakuna haja ya kuilaumu saa ya Kiswahili wala ya hospitali. Kila mtu aweza kuendelea na hesabu yake, mradi anageuza anapopokea na anageuza tena anapotoa. Sita inayoingia na sita inayotoka hufutana. Madhara huja pale mtu anapogeuza upande mmoja tu.

Nukta si mshale

Lugha yenyewe huongeza mtego wa pili. Neno “saa” hutaja mahali pa mshale kwenye uso wa saa, na pia hutaja urefu wa muda. La kwanza ni nukta, la pili ni mshale, lakini neno ni moja.

Chukulia mtoto mwenye malaria kutoka uwanda wa chini wa Moshi, ambako ugonjwa huo huenea zaidi kuliko miteremko ya juu yenye baridi. Anapewa dawa mseto ya ALu, ambayo hutumika kwa siku tatu, dozi sita. Ya kwanza hutolewa papo hapo, ya pili baada ya saa 8, ya tatu saa 24 tangu ile ya kwanza, na zilizobaki kila baada ya saa 12. Dozi ya kwanza imetolewa saa 5 asubuhi. Mhudumu anamwambia mama, “Dozi ya pili umpe baada ya saa nane.” Mama anaelewa kwamba saa nane mchana ikishapita, mtoto anywe dawa. Zimepita saa 3 tu.

Hesabu sahihi ni 5 kuongeza 8, yaani 13, na kwenye kundi la 12 hiyo ni 1. Dozi ya pili ni saa 1 usiku. Kutoka hapo hadi dozi ya tatu ni saa 16, ambazo kwenye uso wa saa ni 4, na 1 kuongeza 4 ni 5: saa 5 asubuhi ya siku ya pili. Zinazofuata zote huangukia saa 5, usiku na asubuhi, kwa kuwa kuongeza 12 ni kuongeza sifuri. Mhudumu anayeifahamu hesabu hii hamwachii mama mshale, humpa nukta: “Mtoto anywe saa moja usiku leo, pamoja na maziwa au chakula chenye mafuta, kisha kesho saa tano asubuhi na saa tano usiku, na keshokutwa vivyo hivyo.”

Wasemaji wengi hutofautisha kwa kusema “masaa nane” wanapomaanisha muda. Walimu wa sarufi hulikosoa neno hilo, lakini kwenye dirisha la dawa limewasaidia wengi. Asiyependa kulitumia aseme “muda wa saa nane”, kisha ataje nukta yenyewe.

Mti hauna mzunguko

Swali kubwa linabaki: kosa likishatokea, litajulikanaje? Kwenye mfano wa Marangu maelekezo yalipita kutoka kwa daktari hadi kwa binti, na kutoka kwa binti hadi kwa mama. Nukta ni tatu, mishale miwili. Grafu isiyo na mzunguko, ambayo nukta zake zote zimeunganishwa, huitwa mti. Kuhusu mti hisabati ina hukumu kali: alama zozote utakazoziweka kwenye mishale yake, hazitapingana kamwe. Hakuna njia ya pili ya kulinganisha na ya kwanza. Mama aliyepokea kosa na mama aliyepokea ukweli wote wawili wanaona mambo yako sawa.

Idadi ya mizunguko inayojitegemea katika grafu iliyoungana hupatikana kwa kutoa idadi ya nukta kutoka idadi ya mishale, kisha kuongeza moja. Daktari, binti na mama: 2 kutoa 3 kuongeza 1 ni sifuri. Mwongeze mfamasia aliyepokea maandishi ya daktari, ambaye anampigia mama simu siku inayofuata. Nukta zinakuwa nne na mishale minne. 4 kutoa 4 kuongeza 1 ni mzunguko mmoja. Sasa kuna kipimo. Mfamasia akimweleza binti kwa mdomo pale dirishani, mishale inakuwa mitano na mizunguko miwili: mmoja wa daktari, mfamasia na binti, mwingine wa mfamasia, binti na mama.

Mzunguko mmoja hueleza kwamba kosa lipo, lakini hauelezi liko wapi. Mizunguko miwili hufanya zaidi. Ikiwa kosa ni moja na mzunguko wa kwanza pekee ndio usiotoa sifuri, kosa liko kwenye maandishi ya daktari au namna yalivyosomwa. Ukiharibika wa pili pekee, lilitokea kati ya binti na mama au kwenye simu. Ikiharibika yote miwili, tazama mshale ambao mizunguko hiyo inashirikiana, yaani maelezo ya dirishani. Jumla yenyewe nayo ni dalili: ikitoka 6, jambo la kwanza la kushuku ni saa mbili zilizochanganywa.

Ndiyo sababu kumwomba mgonjwa arudie maelekezo kwa maneno yake si adabu ya ziada wala dharau kwa akili yake. Huo ndio mshale unaoufunga mzunguko. Bila huo, mhudumu anayeuliza “Umeelewa?” na kujibiwa “Ndiyo” amebaki na mti.

Makosa mawili yanapofutana

Hata mzunguko una udhaifu wake, na ni heri uelezwe wazi. Jumla ya sifuri huonyesha kwamba makosa hayapo au kwamba yamefutana. Namba 6 hujifuta yenyewe kwa urahisi mno.

Fikiria simu ya mfamasia.

“Shikamoo mama. Insulini unachoma saa ngapi?”

“Marahaba mwanangu. Saa nane, kama ilivyoandikwa.”

Mfamasia anatazama nakala yake. Imeandikwa 8:00. Nane na nane zimekutana. Anashukuru na kukata simu. Lakini saa ya mama ilisogea mbele kwa 6 ilipotoka kwenye kadi, na ilirudi nyuma kwa 6 ilipoingia sikioni mwa mfamasia. Jumla ni sifuri, na usiku huo mama ataamka tena kuchoma sindano akiwa na njaa. Kurudia namba tupu hakufungi mzunguko kwa uaminifu, kwa sababu kosa lililoingilia mlango mmoja hutokea mlango uleule.

Dawa yake ni mshale usiopitia kwenye namba. Kwenye simu ileile, mfamasia angeuliza jambo jingine:

“Ukishachoma ile sindano ya usiku, mama, unakula nini?”

“Sili kitu, mwanangu. Nyumba nzima inakuwa imelala.”

Hapo kosa linajitokeza bila hesabu yoyote. Chakula, jua kuchomoza, watoto kwenda shule, ng’ombe kukamuliwa, taarifa ya habari ya usiku: hizo zote ni nukta zisizogeuzwa na saa yoyote. Mshale unaopitia kwenye mojawapo hauwezi kubeba ile 6 ya siri. Kutaja sehemu ya siku, yaani asubuhi, mchana, jioni au usiku, nako husaidia, kwa kuwa “nane mchana” haiwezi kusikika kuwa 8:00.

Kundi la siku saba

Siku za wiki nazo ni kundi, lenye memba 7. Kiswahili huzihesabu kuanzia Jumamosi: mosi, pili, tatu, nne, tano. Alhamisi, yenye asili ya Kiarabu, nayo maana yake ni siku ya tano, lakini hiyo huhesabiwa kuanzia Jumapili. Fomu nyingi za ofisini huanza na Jumatatu kuwa siku ya kwanza. Kwa hiyo “siku ya 3” kwenye fomu hiyo ni Jumatano, na kwa hesabu ya jina la Kiswahili ni Jumatatu. Tofauti ni 2. Kadi ya miadi iandikwe jina la siku pamoja na tarehe. Kimoja kikikosewa, kingine kitakikana.

Hesabu hiyohiyo huonyesha kwa nini kliniki nyingi hupenda siku 28 kuliko “mwezi mmoja”. Siku 28 ni wiki nne kamili, yaani sifuri kwenye kundi la 7: aliyekuja Jumanne atarudi Jumanne. Aliyeambiwa arudi tarehe ileile mwezi ujao, katika mwezi wa siku 31, atafika Ijumaa, na pengine atakuta kliniki yake haipo siku hiyo. Mgonjwa anayepewa vidonge 30 vya kumeza kimoja kila siku na kurudi baada ya siku 28 ana akiba ya siku mbili. Akikosa Jumanne hiyo na kusubiri Jumanne ijayo, yaani siku ya 35, atakaa siku tano bila dawa.

Matibabu ya kawaida ya kifua kikuu yamepangwa kwa hesabu hii. Awamu ya kwanza ni dozi 56 na awamu ya pili dozi 112, jumla 168, ambazo ni wiki 24 kamili. Mgonjwa aliyeanza Jumatano na kutoruka hata siku moja atameza dozi ya mwisho Jumanne, mkesha wa siku aliyoanzia. Ikiangukia siku nyingine, muuguzi ana sababu ya kuikagua kadi pamoja naye, bila kumgombeza, na kutafuta dozi iliyopotea.

Kwa mhudumu na kwa mgonjwa

Mhudumu wa afya, iwe hospitali ya rufaa mjini au zahanati ya kijijini, anaweza kufanya mambo manne yasiyohitaji fedha. Aandike saa kwa namna mgonjwa anavyoisoma, pamoja na sehemu ya siku: “saa 2 asubuhi”, si 8:00 pekee. Amtajie mgonjwa saa ya dozi inayofuata, asimwachie hesabu ya muda. Aifunganishe dozi na jambo la nyumbani. Na kabla ya kuagana amwombe mgonjwa au msindikizaji aeleze siku yake yote itakavyokwenda, tangu kuamka hadi kulala, dawa zikiwa ndani yake.

Mgonjwa naye ana haki ya kufunga mzunguko mwenyewe. Kadi ikisema jambo moja na maelezo ya mdomo yakisema jingine, aulize kabla ya kuondoka, hata kama foleni ni ndefu. Anayechukuliwa dawa na ndugu aombe namba ya simu ya kituo na apige. Asiache dawa wala asibadilishe saa zake kwa kukisia. Apeleke kadi kituoni ili saa zipangwe upya kwa usalama. Anayetumia insulini, akihisi jasho, kutetemeka, njaa ya ghafla au kuchanganyikiwa, anywe au ale kitu chenye sukari mara moja na kutafuta msaada.

Mama wa Marangu hakuhitaji hisabati ili awe salama. Alihitaji mtu mmoja tu amuulize atakula nini baada ya sindano.